Ripoti Mbili za Shamba Moja: Maoni juu ya Huduma ya Uchunguzi wa Wanyamapori kabla ya Ujenzi, Kigoma

Ndugu na jirani wanaotaka kujenga kando ya Ziwa Tanganyika wamekuwa wakiniuliza kama kweli kuna haja ya kumlipa mtaalamu aje kuhesabu ndege, popo na vyura kabla fundi hajachimba msingi. Huduma hiyo nimeinunua mara mbili, kwa watu wawili tofauti, kwa ajili ya shamba lile lile, kwa hiyo nina kipimo ambacho wateja wengi hawana. Majina ya watoa huduma hao sitayataja. Nitaeleza kazi ilivyofanyika, gharama yake na upungufu nilioukuta, na msomaji atapima mwenyewe.

Mwaka 2022 familia yetu ilikubaliana kujenga nyumba sita ndogo za wageni katika shamba la ekari nne tulilorithi kwa marehemu baba, kaskazini ya Kibirizi, upande ambao boti za abiria hupita zikielekea vijiji vya mwambao na Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Shamba linaanzia kwenye majabali ya ziwa, linapanda mteremko wenye michikichi ya zamani, linapita ghala la mawese ambalo halijatumika kwa miaka mingi, kisha linaishia juu kwenye mabaki ya miyombo. Katikati pana bonde dogo ambalo masika hujaa maji na kiangazi hukauka likabaki ufa mtupu. Pale ndipo nilipokusudia kuweka maegesho ya magari, kwa kuwa pako tambarare na hapana mti wa kukata.

Nilianzia kwa afisa mazingira wa halmashauri, naye alinieleza mambo kwa utulivu ambao sikuutarajia katika ofisi yenye foleni. Alisema Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ndiyo inayomtaka mwenye mradi afanye tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, kwamba kanuni za mwaka 2005, zilizorekebishwa mwaka 2018, zinaipanga miradi katika kundi A, B1, B2 na kundi maalumu kulingana na uzito wa athari zake, na kwamba Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, ndilo linaloamua mradi unaingia kundi gani. Alinionyesha pia kifungu cha 57 cha sheria hiyo, kinachokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa na kingo za mito. Mwisho akanishauri kwamba, hata kama mradi wangu utahesabiwa kuwa mdogo, nisipange nyumba kwenye ramani kabla ya kujua shambani pana nini, kwa sababu eneo lenyewe liko katika mwambao mmoja na Gombe, na mteremko wake unamwaga moja kwa moja ziwani.

Huduma ya kwanza niliipata kwa simu. Ofisi hiyo ilikuwa nje ya mkoa, bei yake ilikuwa shilingi 1,800,000, na ahadi yake ilikuwa ripoti kamili ndani ya wiki mbili. Alikuja kijana mmoja mwenye adabu, akafika saa tano asubuhi wakati jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, akapiga picha upande wa ziwa na upande wa mlima, akachukua alama za GPS katika pembe nne za shamba, akanywa maji, na kabla ya saa nane alikuwa njiani kurudi mjini. Siku ya tisa ripoti ililetwa kwa barua pepe ikiwa na jalada la rangi na kurasa 46. Nilifurahi mpaka nilipofika ukurasa wa 19, ambapo nilisoma kwamba eneo la mradi lina mikoko michache iliyodhoofika na kwamba mjenzi achukue tahadhari katika msimu wa kasa kutaga.

Mikoko ni mti wa maji ya chumvi, na kasa anayezungumzwa pale ni wa baharini. Kutoka shambani kwetu hadi bahari ya karibu ni safari ya kuvuka nchi nzima, na yeyote aliyewahi kupanda treni ya Reli ya Kati kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam anajua nchi hiyo ina urefu gani. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba ni makosa madogo ya uhariri na kwamba hitimisho halibadiliki: hakuna mnyama wa kuhofia. Sikubishana. Hata hivyo ni vigumu kuamini hitimisho la mtu aliyeona kasa pasipo bahari, na ni vigumu zaidi kuamini kwamba alitafuta kitu kingine chochote. Niliweka ripoti ile kabatini, nikaanza upya.

Tofauti ya huduma ya pili ilianza kabla sijalipa hata shilingi. Kiongozi wa timu alikataa kunipa bei kwa simu. Aliomba kwanza nakala ya ramani, picha za ghala ndani na nje, na maelezo ya mahali maji ya mvua yanapopita, kisha akaandika hadidu za rejea za kurasa tatu zilizoeleza nani atakuja, atatafuta nini, kwa njia gani, siku ngapi na katika msimu upi. Alinitumia pia nakala ya cheti chake cha usajili kama mtaalamu wa mazingira bila kuombwa. Bei ilikuwa shilingi 6,400,000 kwa watu watatu na awamu mbili, ya kwanza mwezi Agosti na ya pili mwishoni mwa Novemba baada ya mvua kushika. Nilijaribu kumshawishi aondoe awamu ya pili ili bei ishuke. Alijibu kwamba atakayekuja Agosti peke yake ataandika kwamba shamba halina vyura, na ataandika kwa moyo safi kabisa.

Jambo la saa linastahili kuelezwa, kwa kuwa ni kipimo rahisi ambacho hata asiye mtaalamu anaweza kukitumia. Tanzania yote inafuata majira ya saa yale yale, lakini jua la Kigoma huchomoza takriban dakika 40 baada ya lile la Dar es Salaam, na mwezi Agosti huwa ni kama saa moja kamili asubuhi. Timu hii ilikuwa shambani saa kumi na mbili, gizani, wakiwa na tochi za kichwani. Walikaa kimya kwenye vituo walivyopima tangu jana yake, dakika kumi kila kituo, wakiandika kila ndege waliyemsikia au kumwona na umbali wake. Kufikia saa nne ndege wengi walikuwa wamenyamaza, na daftari likafungwa. Kijana wa kwanza alikuwa amefika saa moja baada ya hapo.

Asubuhi hiyo hiyo mtaalamu wa wanyama aliniita kwenye majabali. Alikuwa amepiga magoti juu ya jiwe pana lililo kama mita mbili kutoka majini, mahali ambapo tumekaa kupunga upepo tangu utotoni, na alikuwa akichambua kwa kijiti kitu nilichodhani ni kinyesi cha mbwa. Aliniambia, “Mama, sogea unuse.” Nilisita, nikasogea. Harufu ilikuwa ya samaki mkavu, na ndani yake mlikuwa na magamba madogo yanayong'aa na vipande vya gamba la kaa. Alikuwa fisi maji. Alieleza kwamba mnyama huyo ana desturi ya kurudi jabali lile lile kujisaidia, kwa hiyo jiwe moja lenye kinyesi kipya juu ya kikavu linaeleza mengi kuliko kumwona mnyama mwenyewe akipita. Walihesabu mawe matatu ya namna hiyo katika ufukwe wetu. Wavuvi wa kijijini hawakushangaa hata kidogo, maana wao humjua kwa nyavu anazozitoboa, lakini hakuna aliyekuwa amewahi kuwauliza.

Juu mlimani kazi ilikuwa ya aina nyingine. Tangu Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipofika Gombe mwezi Julai 1960, watu wengi hudhani kwamba sokwe wako ndani ya hifadhi tu, ilhali Gombe ni hifadhi ndogo ya kilomita za mraba zipatazo 50 na sokwe wengi wa nchi hii huishi nje ya hifadhi za taifa, katika misitu ya vijiji na miyombo ya Kigoma na Katavi. Mtu anayetafuta sokwe mahali ambapo hawajazoea watu hawatafuti wao wenyewe, kwa sababu watamsikia mapema na kuondoka. Huhesabu viota. Kila sokwe aliyeacha kunyonya hukunja matawi na kutengeneza kitanda kipya karibu kila jioni, na kitanda hicho hubaki mtini muda mrefu baada ya mwenyewe kuondoka, kikibadilika kutoka majani mabichi hadi makavu na hatimaye vijiti vitupu. Timu ilitembea mistari mitano iliyonyooka kutoka mpaka wa shamba letu hadi kwenye ukingo wa mlima, vichwa juu, wakisimama kila baada ya hatua chache. Hawakuona hata kiota kimoja. Niliipenda zaidi sentensi waliyoiandika baadaye, kwamba katika mistari hiyo, kwa siku hizo, hakuna kiota kilichoonekana, na kwamba hilo si sawa na kusema sokwe hawapiti kamwe. Ripoti ya kwanza ilikuwa imetumia maneno “hakuna sokwe” bila kupanda mlima.

Kamera nne zenye kihisi cha mwendo zilifungwa mitini kwa majuma matatu. Zilinasa nungunungu, kanu, tumbili wa kila siku, mbuzi wa jirani mara zisizohesabika, na mpwa wangu akichuma maembe ambayo alikuwa ameapa hajayagusa. Nilidhani picha za mbuzi ni hasara, lakini mtaalamu alizihesabu pia, akaonyesha kwamba mbuzi hupita katika njia ile ile ya kanu na kwamba uzio ninaoupanga ungewafungia njia wote wawili.

Sehemu iliyonifunza zaidi ilikuwa ghala. Kwa mipango yangu, ghala lilikuwa jengo la kubomolewa wiki ya kwanza, na mabati yake yangetumika kwenye stoo ya mafundi. Jioni ya kwanza watu wawili walikaa kila mmoja upande wake, wakiwa na kihesabio cha kubonyeza mkononi, na mmoja wao alikuwa na kifaa kinachopokea mlio wa popo ambao sikio la binadamu haliusikii na kuugeuza uwe wa kusikika. Jua lilizama karibu saa moja. Kwa robo saa hapakuwa na kitu, nami nikaanza kuwaza chakula cha usiku. Kisha kifaa kikaanza kugonga kama mvua ya kwanza juu ya bati, popo wakatoka katika ufa wa chini ya mwamba wa paa, mmoja mmoja, halafu watano watano, wakielekea ziwani. Walihesabiwa 312 jioni ile na 287 jioni iliyofuata. Wote ni wale wadogo wanaokula wadudu. Novemba waliporudi walimulika ndani kwa taa nyekundu kwa muda mfupi na kukuta majike wakiwa na watoto wamewashika kifuani. Kama ningebomoa kwa ratiba yangu, mafundi wangeangusha paa juu yao.

Bonde la maegesho halihitaji maelezo marefu. Agosti palikuwa pakavu, na karatasi ya uchunguzi ilibaki karibu tupu. Novemba, usiku wa pili baada ya mvua kubwa, tuliwasikia vyura kutoka barabarani, na timu ikarudi saa nne ya usiku ikiwa imetofautisha milio ya aina saba.

Mtu wa tatu katika timu alishughulika na maji, na hapa ndipo ninapoona kwamba wachunguzi wengi wa nchi kavu wangepatupa. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya perege, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Wengi wao hawaishi kilindini, ambako ziwa linafika mita 1,470. Huishi hapa hapa kwenye mawe ya ufukweni, ambako hula ukungu wa kijani unaoota juu ya jiwe na kulelea watoto katika nyufa. Alifunga kamba ya mita 50 sambamba na ufukwe, akavaa miwani ya kuogelea, akaogelea taratibu mara tatu katika kila mstari akiandika kwa penseli juu ya ubao wa plastiki. Mstari mmoja ulikuwa mbele ya shamba letu, mwingine mbele ya kiwanja cha mtu aliyekata mteremko miaka michache iliyopita bila kuzuia udongo. Kwetu mawe yalikuwa ya kijani na yenye samaki wengi. Kule jiwe lilikuwa limefunikwa na tope laini, na alipolipangusa kwa kidole, kidole kiliacha mstari kama kwenye meza yenye vumbi. Sikuhitaji jedwali kuelewa mvua moja inaweza kuteremsha nini kutoka kwenye msingi uliochimbwa ovyo.

Kuhusu mita 60, timu ilifanya jambo ambalo nadhani kila anayejenga hapa anapaswa kulidai. Maji ya ziwa yamepanda sana miaka ya karibuni, na walioyaona yakiingia majumbani mwambaoni hawahitaji kukumbushwa. Mahali maji yalipo siku ya kupima si mahali yatakapokuwa miaka miwili baadaye. Walitafuta alama ya juu kabisa iliyoachwa na maji kwenye majabali na kwenye shina la mchikichi mmoja, wakamuuliza mzee mvuvi anayeishi jirani, wakapima kutoka hapo. Nyumba mbili kati ya sita zilijikuta ndani ya ukanda uliokatazwa, ilhali ramani ya fundi wangu ilikuwa imezionyesha nje kwa raha kabisa.

Sasa lawama, maana zipo. Ripoti ilichelewa majuma matano kupita tarehe iliyoandikwa katika mkataba, na nilipata maelezo baada ya mimi kupiga simu, si kabla. Kamera moja iliibwa, na tulibishana nani ailipe mpaka nikakubali nusu. Kubwa kuliko yote, ripoti ya kurasa 84 iliandikwa kwa Kiingereza, na muhtasari wa Kiswahili ulikuwa kurasa mbili zilizotafsiriwa kwa haraka kiasi kwamba fisi maji aligeuka kuwa “fisi wa majini,” na nikapigiwa simu na mwenyekiti wa kitongoji akiuliza kama kweli tuna fisi. Kanuni zenyewe zinataka muhtasari wa Kiswahili unaoeleweka na asiye mtaalamu. Katika jedwali la samaki kulikuwa na majina ya Kilatini matupu, hata kwa kuhe na mgebuka ambao kila mtoto wa Kibirizi anawajua. Tena yule mzee mvuvi, aliyewaonyesha alama ya maji na mawe mawili kati ya yale matatu ya fisi maji, alitajwa kama “mkazi” tu, na kulipwa posho ya siku moja kwa kazi ya siku tatu. Nilimwongezea mwenyewe, na nikawaandikia kulalamika.

Wanaoniuliza kuhusu thamani ya fedha huwaonyesha ramani mpya badala ya kubishana. Nyumba sasa ni nne, zote nyuma ya alama ya mita 60. Maegesho yamehamia juu karibu na barabara, jambo lililoniongezea gharama ya kusawazisha ardhi. Uchimbaji wa misingi ulifanywa Juni hadi Septemba, na chini ya kila msingi pana mtaro wa kunasa udongo na mstari wa majani ya kuzuia mmomonyoko. Uzio una mapengo ya chini mahali kanu na mbuzi wanapopita. Taa za nje zimefunikwa juu na kuelekezwa ardhini, shauri ambalo wavuvi wa dagaa walilipokea kwa furaha kuliko mimi, kwa sababu wao huvua kwa taa katika usiku usio na mwezi na hawataki mwanga mwingine wa kushindana nao. Ghala halikubomolewa. Tumelitengeneza ukuta, tumeacha ufa wa paa kama ulivyo, na wageni wa kwanza waliketi nje jioni nzima wakihesabu.

Kwa kazi ya shambani ningewaajiri tena watu hawa wa pili hata kesho. Kwa uandishi na utunzaji wa tarehe ningewabana ndani ya mkataba: ripoti nzima katika Kiswahili, majina ya samaki kama yanavyotumika mwaloni, na sehemu ya malipo ibaki mkononi mwangu mpaka nitakapoisoma. Malalamiko yangu hayakupotea bure. Baada ya mwezi mmoja walituma toleo la Kiswahili la kurasa 23, na jina la mzee likiwa limeandikwa kwenye ukurasa wa shukrani. Tulilisoma katika ofisi ya serikali ya kijiji, yeye akiwa ameketi mbele kabisa. Tulipofika kwenye jedwali la samaki aliomba kalamu, akakata jina katika mstari wa sita, akaandika lingine juu yake, kisha akasema tuendelee.